Sare ya Toronto na New York

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini akaliulize basi lenyewe la Don Mills, hapa Toronto. Mzee Sultanali, mstaafu bingwa wa kutia chumvi, alikaa karibu na Mama Médiatrice, Mkongo aliyevaa kofia ya New York, akashindwa kunyamaza.

"Mama, wewe ni adui, lakini nitakusimulia. Jumamosi nilikuwa uwanjani, Toronto yetu ikicheza besiboli na hao wako. Kijana wetu akaupiga mpira juu, nikala mishkaki, nikanawa, nikampigia shemeji Dodoma, ndipo ukashuka. Ukatua ndani ya kikombe changu cha chai."

"Papa, unadanganya."

"Nikidanganya, nitashuka na hiyo kofia yako kichwani." Alisema hivyo akijua fika kwamba wenzake wa karata wanamngoja kituoni, wote Toronto damu, na hakuna mwenye huruma.

"Chai ilimwangika?"

"Hata tone. Refa alipoufuata mpira, nikamwambia anywe kwanza."

"Na nani alishinda?"

Mzee, aliyekuzwa na kandanda, hakutaka kumuumiza mama wa watu. "Tulitoka sare. Mbili kwa mbili."

Mama Médiatrice akaivua kofia, akaikung'uta taratibu. "Papa, hii mchezo haina sare. Wanachezaka mpaka moja apigwe, hata mpaka asubuhi."

Basi likasimama. Mzee akashuka, kofia ya New York imemkaa kichwani kana kwamba alipimiwa, na wenzake wa karata wakasimama wote kumpokea, kama mashabiki uwanjani.