Kichochoro cha Zahanati

Nyuma yangu kwenye basi, fundi cherehani alikuwa akimlalamikia mwanamume aliyekaa naye kuhusu kichochoro cha zahanati. "Mtaa mzima tulitia saini kisizibwe kwa ukuta, kaka. Ofisi ya serikali ya mtaa wakazipokea, wakatuambia tusubiri. Tukasubiri, wenzetu wanaotaka kukiziba wakajenga. Sasa ukuta umefika kiunoni. Vijana wanauruka, lakini mama yangu, na miguu ile, anazunguka barabara kuu. Juzi aliishia njiani, akarudi bila dawa."

Mwanamume akakohoa. "Dada, nisikufiche. Mimi ni mwashi. Ukuta huo naujenga mimi."

"Basi acha!"

"Nikiacha mimi, kesho basi hili atapanda mwashi mwingine."

Ghafla nikaona dirishani kuna mengi ya kutazama. Basi likasimama. Mwashi akainuka, na yule fundi cherehani, kwa mazoea tu, akamwambia, "Kazi njema."