Mche wa Mnazi Juu ya Kaburi

Mama zangu na dada zangu, khitma tumeimaliza, Mungu aipokee. Binti yetu mwenye msiba ameniomba niseme kabla hamjatawanyika, kwa sababu barazani kuna mtu anangoja jibu. Anataka kupanga duka la marehemu, na binti yetu anakaa eda, hawezi kutoka mbele yake. Mimi nilipokuwa kama yeye nilijibu upesi. Nisikilizeni.

Mume wangu aliniachia ghala la mawe, kando ya njia wanayoingilia wapagazi wa misafara kutoka bara. Hatukuwa na kitu kingine. Yeye mwenyewe tulimzika uani, nyuma ya ghala lile lile. Eda haijaisha, akaja mfanyabiashara wa pembe na sandarusi kutaka kupanga. Nilikaa nyuma ya pazia na mavyaa wangu, mama wa marehemu. Mfanyabiashara alikaa upande wa pili, peke yake. Sauti yake, ndugu zangu, ungedhani anasoma maulidi. Tukapatana kodi kila mwezi ukiandama, tukasoma Fatiha, nikapitisha ufunguo chini ya pazia. Shahidi wangu alikuwa mavyaa tu.

Alilipa vizuri, nisimsingizie. Siku moja akaomba apande minazi uani. Mavyaa akamwambia, "Panda, mwanangu, kivuli kitatufaa sote." Nanyi mnajua desturi yetu: ardhi inaweza kuwa yako, mnazi ukawa wa aliyeupanda. Miaka ikapita, ikazaa. Akawa ananiletea pakacha la nazi, nami namshukuru mbele za watu, kwa nazi zilizoota kwangu.

Mavyaa alipofariki, kodi ikakoma. Nikatuma mtu kuidai, na jibu likaja: "Kodi ipi, Bibi? Hapa nilinunua kwa mumeo akiwa hai. Nani anapanda minazi kwenye ua wa mwenzake?" Akatia kufuli mlango wa uani. Nikapita kwa majirani. Kila mmoja alizikumbuka nazi na shukrani zangu. Tulichopatana kwenye pazia hakuna aliyekijua.

Nikawa nachoma vitumbua na kutwanga mpunga wa watu. Mwanangu wa pekee akaona haya kulishwa na mama aliyechoka. Akajitia kwenye msafara kubeba mizigo, kijana wa mjini asiyeizoea kazi ile. Wenzake walirudi. Wakasema ndui ilimshika njiani, wakamwacha kwenye kijiji wasichokijua hata jina. Mpaka leo sijui kama kuna aliyemsalia. Nasema wazi, nilimchukia mpangaji yule, na nafsi yangu pia niliichukia.

Siku ile ya habari nilitaka nikamwambie baba yake kaburini. Nikakuta wapagazi wanaingiza mizigo, mlango wa uani uko wazi, nikapita. Kaburi halikuwepo. Mahali pake pamesawazishwa, na katikati umepandwa mche wa mnazi. Nililia mpaka majirani wakaja mbio. Mzee aliyemwosha mume wangu akamwuliza mpangaji, "Kaburi liko wapi?"

Hata hakugeuka. "Hapa hapajapata kuwa na kaburi."

Wanaume wakatazamana. Wao ndio waliochimba, wao ndio waliobeba jeneza. Habari ya kodi hawakuijua, lakini kaburi walilichimba kwa mikono yao. Tukaenda kwa kadhi, wakasimama mmoja mmoja. Walisema, "Tulimzika pale, na ruhusa tuliiomba kwa mama yake. Kama huyu alikuwa ameshanunua, mbona hatukumwomba yeye, wala hakutuzuia?" Kadhi akanirudishia ghala na ardhi. Minazi ilikuwa yake, na hakutaka kuniuzia. Aliikata yote, akaniachia visiki.

Nawashukuru wazee wale, na wake zao walionipa chakula kesi ikiendelea. Wengine mko hapa, mnajijua. Ghala ninalo, na kodi yake inanilisha. Mwanangu sinaye.

Basi binti yangu, sikwambii umkatae mtu huyu. Huenda ni mwema. Lakini asizungumze na pazia peke yake. Ngoja wanaume wa mtaa watoke msikitini. Wazunguke naye ukuta mzima, aseme kwa kinywa chake duka ni la nani na atalipa nini. Akitaka kupanda hata mchicha, aombe mbele yao. Na sisi tutakaa huku nyuma ya pazia, sote, tusikie.

Huo ufunguo umeukamata tangu nilipoanza kusema. Nipe mimi nikushikie mpaka waje.