Maisha ya Kalista Audax, Muuza Mikoba wa Nyakanazi

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Februari mwaka huu wa 2025, saa nne na nusu asubuhi, misa ikiwa imekwisha na watu wanasalimiana nje ya kanisa la Nyakanazi, Kalista Audax Nduwayo, ambaye leo tumekuja kumzika hapa Nyantakara, alimshika mumewe mkono, akamketisha kwenye benchi la ukutani, akavua glavu zake za kitambaa, akamwonyesha vidole vyake vyeusi, akamwambia kwamba weupe wa uso wake haukuwa wa kuzaliwa, na kwamba kwa miaka mingi alitaka kuuacha akashindwa. Jambo hilo mume wake ameomba lisomwe, mama mzazi amekubali, mama mkwe amekubali, na marehemu mwenyewe aliliagiza, kwa hiyo, wapendwa waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, tunawaomba mtusikilize kwa subira.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1989 katika kata ya Kibimba, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Audax Nduwayo na Mama Domisiana, aliyeketi hapa mbele yetu, akabatizwa mkesha wa Noeli mwaka huohuo. Alikuwa mweusi wa kung'aa kama baba yake, na bibi yetu alizoea kusema kwamba mtoto huyu hawezi kucheza kujificha, maana hata akijibanza kwenye migomba meno yatamtaja, kwa jinsi alivyokuwa anacheka ovyo.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kibimba kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, kisha sekondari Ngara mjini kuanzia 2004 hadi 2007, akamaliza kidato cha nne, ingawa hesabu ilimkataa kabisa. Alikuwa na sketi moja tu ya shule, lakini wenzake waliapa kwamba anazo tatu, kwa namna alivyoipiga pasi, akageuza mshipi, akahamisha kifungo, na mabegi ya darasa zima yalipochanika yalipelekwa kwake ayashone kwa uzi wa masweta yaliyochakaa.

Mwezi Januari 2008 alikwenda Biharamulo kujifunza kazi kwa fundi wa mabegi, na mwaka 2010 akahamia Nyakanazi, akapanga kibanda karibu na stendi, akaanza kuuza mikoba ya mtumba ya kina mama na mabinti. Mikoba ilifika kutoka Mwanza ikiwa imekunjamana kama chapati za jana, naye aliijaza magazeti mpaka ikasimama, akaisugua kwa mafuta ya mgando, akabadilisha zipu zilizokufa. Kila Jumapili alibeba mkoba mmoja mpya kwenda nao kanisani, na Jumatatu asubuhi mkoba ule ulikuwa umekwisha kuuzwa, hivyo yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na mkoba wake, rozari yake ilihama kila wiki. Walimu wapya, manesi, wahudumu wa nyumba za wageni na wasichana waliokuwa wanasubiri mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam walikuja kwake kwa ushauri zaidi kuliko kununua, akawaambia kwamba mfupi asibebe mkoba unaofika magotini, kwamba mmoja wa kahawia uliotulia unashinda mitano ya kumetameta, na kwa yule aliyetaka kuchukua mkubwa kuliko mwili wake alisema, "Dada, beba mkoba, usikubali mkoba ukubebe."

Mwaka 2011 wateja haohao walianza kumwuliza vipodozi, naye akaleta, na kwa kuwa desturi ya kazi yake ilikuwa muuzaji aonyeshe bidhaa mwilini mwake, alijipaka kwanza yeye, akichanganya mwenyewe krimu kutoka kwenye vikopo visivyo na maandishi. Baada ya miezi mitatu alikuwa mweupe, biashara ikapanda, akamwita mchoraji, akachorwa uso wake kwenye bango la duka, na mpita njia wa Nyakanazi ambaye hakulijua bango lile labda alikuwa amelala garini. Mama ntilie wa stendi hawakumwacha hivihivi, walimwita kwa sauti asubuhi, "Kalista we, uso umeshafika Kigali, vidole bado viko Kibimba, utavipakia basi gani?" Akacheka pamoja nao, maana alipenda utani, halafu akanunua glavu.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 Bulugu Mhoja, mkulima na mfugaji wa hapa Nyantakara, aliingia dukani kumtafutia mama yake mkoba, akarudi wiki iliyofuata kusema zipu ni ngumu, akarudi tena kusema zipu imelegea, mpaka Rozina, aliyekuwa akimsaidia marehemu pale dukani, akamwambia kaka, sema unachotaka, zipu imechoka. Posa ilipelekwa Kibimba, na tarehe 16 Juni 2012 wazee wa pande zote mbili walikaa kuzungumza mahari. Wote hapa tunajua kwamba kwa ndugu zetu Wasukuma, tangu zamani, binti mweupe huongezewa ng'ombe, na wazee walipomtazama Kalista wakasema huyu ni mweupe, wakatoka kumi na wawili wakafika kumi na wanane. Mzee Audax alijua binti yake alizaliwa na rangi gani. Mama alijua. Kaka yake anayesoma historia hii alijua, akanyamaza, na mwaka uliofuata alioa kwa ng'ombe wanne kati ya hao.

Walifunga ndoa takatifu tarehe 25 Agosti 2012, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nice, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 2014, na Frednand, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2019.

Hapo ndipo Kalista alipofungika. Kabla ya ndoa angeweza kuacha ile krimu na kupoteza wateja tu, lakini sasa aliona kwamba akiacha, uso utasema baba yake aliwadanganya wakwe, na ng'ombe hawakuwepo tena wa kurudisha, walikwisha kutumika kumwoza mtoto wa kiume, kuezeka nyumba, kusomesha wadogo. Alikwepa jua, hakwenda shamba, hakukaa karibu na moto wa mkaa kwa sababu ngozi iliwaka, alivaa nguo za mikono mirefu hata mwezi Septemba, na akija kwetu Kibimba alikaa siku moja tu, akaondoka kabla mama hajamtazama vizuri. Mwaka 2016 alijaribu kuacha, siku ya kumi na tano uso ukaanza kutoka madoa, na kwenye sherehe moja hapahapa mama mkwe wake, Mama Secilia, akamtania mbele za watu, "Jamani, tulichukua mweupe, mbona jua la Nyantakara linamrudisha kwao?" Ulikuwa utani, Mama Secilia amesema hivyo kwa machozi na sisi tunamwamini, watu walicheka na Kalista akacheka kuliko wote, kisha akarudi Nyakanazi akachanganya krimu kali zaidi ya ile ya kwanza. Mwaka 2018 Mzee Audax alifariki, na mtu pekee aliyeweza kulifungua jambo lile kwa wakwe akaenda nalo kaburini. Akiwa na mimba ya Frednand, muuguzi alimkataza, akaacha miezi minne, akajifungia ndani, akasema ni maagizo ya daktari asionane na watu.

Mwezi Januari mwaka huu Nice, akiwa anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, alikutwa na mama yake mbele ya kioo akiwa amejipaka uso mzima ile krimu, na alipoulizwa akajibu kwamba anataka kufanana na mama wa kwenye bango. Kalista alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, mara tatu, na kuanzia siku hiyo hakujipaka tena. Ndipo ikaja ile Jumapili ya benchi.

Alipomaliza kusema, Bulugu alivishika vile vidole, akamwambia, "Kalista, hivi niliviona siku ile ya kwanza ulipovua glavu kunifungia mkoba wa mama. Nilidhani wewe ndiye hutaki tuongee." Marehemu alicheka, halafu akalia, halafu akamwuliza, "Sasa kwa nini hukusema?" Bulugu akaziokota zile glavu, akazitia mfukoni mwake.

Wiki hiyohiyo bango lilishushwa, vikopo vikazikwa kwenye shimo la takataka, duka likabaki la mikoba peke yake. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba tangu Novemba, na mwezi Machi madaktari walisema figo zimeharibika, na kwamba sumu iliyo katika krimu za namna ile ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kidogo kidogo, kwa miaka yote. Alipelekwa Mwanza kusafishwa damu mara nyingi, akapokea Mpako wa Wagonjwa, na Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mume wake na mama yake, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote alikotibiwa, majirani wa Nyantakara waliopika na kulala nasi, jumuiya ndogondogo za Nyakanazi na Kibimba, mama ntilie wa stendi waliofunga biashara ili wafike, na Rozina, ambaye jana alikuja na poda na wanja kumpamba rafiki yake, akaambiwa na Mama Domisiana kwamba marehemu alikataza, akaviweka chini, akamwosha uso kwa maji tu. Jeneza litafunguliwa. Mtaona uso wenye rangi mbili, weusi ukiwa umerudi kwenye paji na mashavuni, mdomoni bado, muda haukutosha. Tunawaomba wasichana msogee karibu, msinong'one, na Nice atakuwa wa kwanza kumuaga mama yake.

Ee Mungu Baba, wewe uliyemjua Kalista kabla hatujampa jina, mpokee, umfute machozi kwa mkono wako, usimwulize habari ya weupe wala weusi. Utusamehe sisi tuliojua tukanyamaza. Mlinde mtoto wake wa kike. Dada yetu mpenzi, pumzika sasa kwa amani ya Kristo, hakuna tena unachotakiwa kuficha. Amina.