Maisha ya Taratibu, Mbeba Piano

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wafanyakazi wa ukumbini, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, yule mwenye bucha, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, ambaye wote tulimzoea kwa jina la Taratibu. Baba mdogo ameniomba niseme kwa kifupi na kwa ustaarabu, nami nimemwitikia, ila ustaarabu wangu mnaujua, na leo sitaruka kitu, kwa sababu kuna mtu amekaa kule karibu na geti akiwa na bandeji kichwani, na nimesikia kuna vijana wanaomsubiri tukishatoka makaburini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na karakana ya magari, wakati baba yetu na jirani wa chumba cha pili wakitwangana uani kwa ajili ya zamu ya bomba, hata mkunga akalazimika kutoka na beseni, akawamwagia maji, ndipo akarudi kumpokea mtoto. Mama alipenda kusema kwamba mtoto huyo alizaliwa amekunja ngumi, nasi tukimjibu kwamba watoto wote huzaliwa hivyo, ila huyu wako hakuzikunjua.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha magodoro, akafukuzwa tarehe 3 Septemba 1979 kwa kumpasua kiranja mkuu kichwa kwa mguu wa kiti, akarudishwa baada ya baba kumchapa mbele ya mwalimu mkuu mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akaomba basi yaishe, na akamaliza darasa la saba mwaka 1980, alama zake zikiwa za wastani na makovu yake yakiwa mengi. Kuanzia hapo alibeba mapaja ya ng'ombe kwenye bucha ya baba, mpaka Mei 1988 alipomtundika mteja mmoja kwa kola ya koti kwenye ndoano ya nyama, kisa mteja alimwita mama mwizi wa mizani, na baba, ambaye moyoni alifurahi, akamfukuza kazi siku hiyo hiyo ili watu wasiseme.

Tarehe 1 Juni 1988 aliajiriwa kuwa mlinzi wa mlango wa nyuma wa ukumbi mkubwa wa maonyesho, na wiki hiyo hiyo akaona wapambaji wakiburuta piano kubwa kuvuka jukwaa ikiwa imesimama kwa miguu yake yenyewe, mguu mmoja ukakwama kwenye ufa wa mbao, ukakatika, na kilo mia nne na ushee zikamwangukia aliyekuwa mbele. Alisimulia mara nyingi jinsi nyuzi zote zilivyolia kwa pamoja na yule mtu akalia ndani ya mlio huo, damu ikichuruzika chini ya mfuniko, na jinsi mguu wa mtu yule ulivyokatwa hospitalini kesho yake, na kwamba toka siku hiyo aliacha mlango akaomba kujiunga na wabebaji. Alifundishwa na fundi wa kusawazisha sauti kufungua miguu na pedali kwanza, kuilaza piano ubavu juu ya ubao, kuivisha mablanketi, kuifunga mikanda na kuipandisha kwenye toroli, na alichofundishwa yeye kwa maneno, akawafundisha wenzake kwa makofi.

Nisiwafiche, mdogo wangu alikuwa hana simile. Mshereheshaji mmoja aliyeweka keki ya harusi juu ya mfuniko wa piano alirushwa chini ya jukwaa akiifuata keki yake, na walinzi wa mheshimiwa mmoja walipotaka piano iburutwe kwa sababu mheshimiwa amechelewa, alipigana nao watatu mpaka wakamng'oa kucha mbili na kumvunja pua, na piano haikuburutwa. Huku akipiga, mdomoni alikuwa akiwaambia wabebaji wenzake taratibu, taratibu, na hilo ndilo jina mlilompa.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, kwamba mkanda wa kuzuilia piano kwenye mteremko unalala kiganjani, hauzungushwi mkononi hata siku moja, na piano ikishaanza kwenda unaachia, maana aliyejifunga nayo itaondoka naye. Mwaka 1997 kijana mgeni kazini aliuzungusha mkanda kwenye kifundo cha mkono ili aushike vizuri, na marehemu akamtia ngumi ya mdomo kabla hata piano haijanyanyuliwa, jino likatoka, kisha akamwinamia pale chini akamwambia, "Jino utatengeneza jingine, mkono hutengenezi." Kijana yule ndiye Pengo, na ndiye aliyefanya kazi bega kwa bega na mdogo wangu miaka yote iliyofuata.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Desemba 1992 na wifi yangu huyu hapa, fundi cherehani aliyekuwa akiwashonea ukumbini vifuniko vya piano, na ambaye alifahamiana naye siku alipomkosoa mshono, naye akamchapa na rula ya mbao shingoni, jamaa akanyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1994 na wa kike mwaka 1998, na kwa binti alikuwa mpole, lakini mtoto wa kiume alikula kipigo tangu anajifunza kutembea, nilimgombeza sana kwa hilo, hakunisikia, ndiyo maana leo ngumi za mtoto huyo hazingoji kuuliza.

Kuanzia mwaka 2023 mikono ya marehemu ilianza kufa ganzi, daktari akasema mishipa ya shingo imebanwa kwa kubeba mizigo, akamkataza kazi, na marehemu akampindulia meza na kutoka. Ugonjwa huo aliuficha kazini kwa ukali, akifoka zaidi ili asiombwe kushika kitu kidogo, huku nyumbani wifi akimfungia vifungo vya shati na kumkatia chakula, vidole vikiwa havikunjiki tena.

Jumanne tarehe 6 Mei 2025, mvua ikinyesha, yeye na Pengo walikuwa wakishusha piano kwenye mteremko wa mbao wa mlango wa pembeni, kila mmoja na mkanda wake, gurudumu la toroli likachomoka, piano ikaanza kwenda. Pengo akapiga kelele ya kuachia, akaachia, na mdogo wangu akaburutwa mpaka chini, akabanwa kati ya piano na lori, nyonga ikasagika na mbavu zikaingia ndani. Piano, jinsi alivyoifunga vizuri, ilipata mkwaruzo mmoja.

Waliotoka ndani wakamkuta Pengo amesimama mikono mitupu, na maneno yakaanza hapo hapo, kwamba Pengo amemwachia mwenzake, Pengo amemuua, na Pengo hakujibu neno. Juzi jioni, kwenye uchochoro wa nyuma ya ukumbi, mtoto wa kiume wa marehemu, ambaye naye ni mpakuzi wa ukumbini, na wenzake walimpiga kwa spana na mateke, wakampasua kichwa na kumvunja mbavu, wakamuuliza kila pigo kwa nini aliachia, na bado hakujibu.

Basi nitajibu mimi. Nilikaa na mdogo wangu hospitalini mpaka alipokata roho, Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, na kwenye kifundo chake cha mkono wa kulia mfupa ulikuwa umevunjika, alama ya mkanda imezunguka mara mbili. Nilimuuliza, akaniambia, "Dada, niliuzungusha mwenyewe. Vidole vilikuwa havishiki. Pengo amefanya nilivyomfundisha." Akaniomba watu wa ukumbini wasijue, nikamwahidi, na ahadi hiyo nimeivunja leo mchana kweupe, kwa sababu Pengo naye aliuona mkanda ule, na amekubali kuvunjwa mbavu kuliko kusema kwamba Taratibu alifanya kosa lile lile lililomng'oa yeye jino. Naumia kumwaibisha ndugu yangu akiwa amelala hapa mbele yangu, lakini sitamzika huku mtu mwingine akibeba kosa lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo yule aliyepinduliwa meza na bado akaja kumhudumia, inawashukuru majirani kwa viti na turubai, na wafanyakazi wote wa ukumbini, isipokuwa wale waliokwenda uchochoroni, hao nitaonana nao buchani kwangu mmoja mmoja.

Imebaki sentensi moja ya mwisho, mnaijua wote, na siisemi kwanza. Wewe mtoto wa marehemu, mimi ni shangazi yako, nimekuosha ukiwa mchanga, simama hapo ulipo, nenda getini ukamlete Pengo aje kukaa hapa mbele na familia, na jeneza hili halinyanyuliwi mpaka awe amekaa. Usiniangalie hivyo, mwanangu. Nina siku nzima.

Haya, mpisheni njia. Mshike upande wa kushoto, ule wa kulia ndio ulioupiga. Mwache aegemee, usimharakishe, hawezi kuinama. Wifi, msogezee kiti chako.

Mdogo wangu, sasa pumzika kwa amani.