Barua Moja Katika Faili la Bwana Mwidani Boga

Jumanne, tarehe 31 Desemba 1963, Bwana Mwidani Boga atafunga droo ya meza yake katika ofisi yetu ya kodi hapa Likoni na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja na miezi minne, chini ya serikali mbili, hii ya pili akiwa ameionja wiki tatu kasoro siku mbili.

Aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni Mutua, karani aliyekaa naye meza kwa meza tangu mwishoni mwa 1959. Ili apate tarehe sawasawa, mwandishi aliruhusiwa kulisoma faili la Bwana Mwidani. Humo alikuta jambo asiloweza kulinyamazia, linalohusu heshima ya mstaafu wetu na malipo yake ya uzeeni. Wasomaji wamwie radhi likifika mahali pake.

Bwana Mwidani alizaliwa Bofu mwaka 1908, katika jamaa ya wakulima. Alisoma Kurani chuoni, kisha shule, na mwaka 1932 akaajiriwa kuwa tarishi. Alijifunza kupiga taipu saa za chakula cha mchana, wenzake wakila, na baada ya miaka sita akawa karani. Wanaomjua kwa ukondefu wake sasa wamejua ulikotoka.

Kazi iliyomjengea jina ilianza mwaka 1958. Ofisi iliwataka wenye biashara ndogo ndogo walete kila mwaka fomu ya malipo, yaani orodha ya watu wote waliowalipa na kiasi ambacho kila mmoja alipokea. Wengi walidhani ni mtego. Wako waliofunga maduka wakisikia karani anakuja. Bwana Mwidani alipewa Likoni nzima, na baadaye Changamwe na Miritini, akazizungukia kwa baiskeli ambayo kengele yake ilikuwa imekufa zamani. Badala ya kengele alikuwa akikohoa. Wenye maduka walikizoea kile kikohozi, wakawa wakikisikia tu wanatandika mkeka barazani na kutoa makaratasi yao.

Huko Miritini muuza maji mmoja alijaza fomu yake vizuri sana, akaandika kwamba alimlipa Subira shilingi sita kila mwezi. Bwana Mwidani akaenda kumwona Subira, kwa kuwa hakuwa na anwani. Alimkuta amefungwa uani, anakula pumba, na masikio yake marefu yakamwondolea shaka. Hakumcheka mwenye punda. Alimweleza kwamba chakula cha mnyama kina mahali pake katika fomu, akanywa chai, akaondoka.

Tangu siku hiyo alituwekea sheria. Jina lolote lililopokea zaidi ya inavyoweza kuchuma mikono miwili, karani aende akalione kwa macho kabla ya kuandika kadi ya kumdai mtu kodi. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa na wanawake wa Bofu asubuhi nzima akishona makuti, apate kujua mtu hushona mangapi. Alishona tisa. Wanawake walimrudishia mawili.

Hapa inanipasa niache kujificha nyuma ya neno mwandishi. Yaliyofuata niliyafanya mimi.

Mwezi wa Novemba 1960 ilifika mezani kwangu fomu ya Bwana Ruwa, mfanyabiashara wa makuti wa Timbwani. Ilionyesha kwamba alimlipa mtu mmoja, Mwanatatu wa Bofu, shilingi elfu nne mia nane na sitini kwa mwaka. Mikono miwili haiwezi kushona makuti ya fedha hizo hata isilale. Sheria nilikuwa naijua. Lakini siku hiyo mvua ya vuli ilikuwa ikinyesha, njia ya Bofu ni tope, nami nilikuwa nimevaa viatu vipya. Niliandika kadi.

Bi Mwanatatu aliletewa barua mwezi wa Januari, alipe shilingi mia tatu na arobaini katika siku thelathini, la sivyo mali yake ipigwe mnada. Mali yake ilikuwa minazi kumi na minne aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikuja ofisini kwa miguu, barua ameifunga kwenye pindo la leso, na hakupiga kelele wala hakulia. Alimsalimu kila aliyekuwamo, kisha akasema maneno ambayo nitayakumbuka maisha yangu yote.

"Mwanangu, pesa hizo mimi n'nazipokea tu. Zenyewe zina wenyewe."

Mimi niliyetoka Machakos sikujua desturi ya pale, wala sikuuliza. Wanawake wa Bofu hushona makuti majumbani mwao, na wengi hawapendi kusimama dukani mbele ya wanaume. Basi humchagua mmoja, mtu mzima aliyekwisha kuvuka umri wa haya hizo, akapeleka makuti ya wote na kurudi na fedha za wote. Bwana Ruwa aliandika jina la aliyempa fedha mkononi. Hakudanganya.

Bwana Mwidani aliweka kalamu chini akachukua baiskeli. Ukutani mwa jiko la Bi Mwanatatu alikuta mistari ya mkaa, kila mwanamke na mstari wake, bila jina hata moja. Mama yule hakuhitaji majina, kwa sababu mistari ilifuata nyumba zilivyopangana, kuanzia kisimani hadi msikitini. Bwana Mwidani aliinakili yote. Siku tatu alipita nyumba kwa nyumba, Bi Mwanatatu mbele akipiga hodi, yeye nyuma akikohoa, mpaka akapata wanawake ishirini na saba. Hakuna hata mmoja aliyefikia kiasi cha kutozwa kodi. Alipojumlisha, hesabu ya ukutani ilipungua shilingi sita kuliko fomu ya Bwana Ruwa, naye hakutulia mpaka akajua kwamba wenyewe walikubaliana kuzitoa zinunuliwe mkeka wa msikiti. Dai lilifutwa wiki moja kabla ya mnada, na minazi ile ingali inaangusha nazi mpaka leo.

Mkuu wa ofisi wa wakati ule alitaka kujua ni nani aliyeandika kadi bila kwenda kutazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bwana Mwidani akajibu kwamba kadi zote hupita mezani kwake, na hiyo ilipita asiione. Kupita ilipita kweli. Akaandikiwa barua ya karipio. Mwezi wa Juni nafasi ya karani mkuu ilipokuwa wazi, alipewa mwingine, na malipo ya uzeeni, ambayo hupimwa kwa cheo, yamepimwa kwa cheo kilekile cha zamani.

Nilimfuata nje siku ile nikamwambia nitarudi ndani nikaseme kweli. Alikuwa akipuliza vumbi kwenye kiti cha baiskeli.

"Wewe ungali katika majaribio, watakufukuza," alisema. "Mimi faili langu ni nene. Barua hii itapata wenzake humo, hata haitaonekana."

Nikanyamaza. Nimenyamaza karibu miaka mitatu, na ninaona haya kuliandika hilo.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea mkuu wetu mpya maelezo yangu, yenye sahihi yangu. Nimeomba karipio lile litolewe katika faili la Bwana Mwidani na litiwe katika langu, na cheo alichokikosa kitazamwe upya kabla hajatoka. Sijui litaamuliwa nini. Litakaloamuliwa juu yangu nitalipokea.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru yeye, na mkewe Bi Mwanarehema aliyemvumilia akirudi na tope za mitaa mitatu. Tumechanga tukamnunulia kengele ya baiskeli. Tunajua hataitumia.

Bwana Mwidani, shikamoo. Nimelipekua faili lako karatasi kwa karatasi, miaka thelathini na mmoja, nikiwatafuta wale wenzake uliowasema. Sikumwona hata mmoja. Barua ile ya karipio ilikaa humo peke yake. Wewe uliipokea tu; ina mwenyewe, naye amekuja kuichukua. Nenda nyumbani Bofu kwa amani, na Mungu akupe umri mrefu wa kupumzika.