Modesta, Aliyetufundisha Kusimama Uwanjani

Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum. Baba Paroko, wazee wa ukoo, ndugu mliopanda mlima tangu alfajiri, na ninyi mliokuja juu ya malori ya mboga kwa sababu magari madogo yaligoma kwenye utelezi, familia inawaomba utulivu, ili mdogo wa marehemu, Paulo, ambaye kwa mila zetu ndiye mjomba wa watoto na kwa hiyo ndiye msemaji wao, awasomee maisha ya Daktari Modesta Gabrieli Mkude, ingawa tunavyomfahamu, yeye angetaka kwanza kuhakikishiwa kwamba hakuna aliyeketi chini ya genge la mlima.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 hapa hapa kijijini Mlunga, tarafa ya Mgeta, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Gabrieli Mkude na Mama Paskalia, wote wakulima wa maharage na kabichi. Alipokuwa na miaka sita alikuwa akichambua maharage na mama yake, ardhi ikatikisika kidogo, maharage yakacheza yenyewe kwenye ungo, na mtoto akauliza ni nani aliyeko huko chini. Mama Paskalia alimwambia amalize kuchambua. Alimaliza, lakini swali hakuliacha, na alilibeba kwa miaka hamsini na tano iliyofuata.

Alisoma Shule ya Msingi Mlunga kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akafaulu kwenda Sekondari ya Kilakala, ambako alisoma kidato cha kwanza hadi cha sita, kuanzia 1978 hadi 1984, na baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea fizikia, akahitimu mwaka 1988. Mwaka 1996 alitunukiwa shahada ya uzamivu nchini Norwei katika elimu ya matetemeko ya ardhi, na aliporudi, baba yetu alimuuliza kama kweli serikali imemlipia miaka yote hiyo akajifunze kutetemeka.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa takatifu na Bwana Frank Lukonge, mwalimu wa hisabati, katika Parokia ya Mgeta, na Mungu akawajalia watoto wawili, Furaha, aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye leo ni mwalimu katika shule hii ya Mlunga, na Faraja, aliyezaliwa mwaka 1998. Ameacha mjukuu mmoja, Glory, mtoto wa Furaha.

Katika kazi, alitumikia serikali kwa miaka ishirini na sita, kuanzia 1997 hadi alipostaafu mwaka 2023, huku akifundisha vipindi vichache chuoni Mazimbu. Aliweka mashine za kupimia matetemeko kuanzia Kisaki hadi juu ya milima yetu, na ile ya Kisaki aliihamisha mara mbili, kwanza kwa sababu ilikuwa ikiandika kila treni inayopita, pili kwa sababu mlinzi wake, Bwana Salum, ambaye yuko nasi hapa, alimpigia simu kumwarifu kwamba tembo ameigeuza mahali pa kujikunia. Tulizoea kumwona ameinama ameweka kiganja juu ya mwamba, kimya, na tukimtania alisema kwamba milima hii ya Uluguru iliinuliwa na mitikisiko hiyo hiyo tunayoiogopa, kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika, na kwamba yeye kila akipanda Mgeta anasikia hofu na shukrani kwa pamoja. Tunakiri kwamba tangu atuambie hayo, hata sisi tuliozaliwa hapa tumekuwa tukiitazama milima yetu kwa macho mengine.

Hata hivyo, familia isingesema kweli kama isingesoma habari ya Alhamisi, tarehe 17 Machi 2016. Siku hiyo marehemu alikuja kufanya zoezi la kwanza la tetemeko katika shule yetu, ambayo kama mnavyoiona imejengwa mahali mlima ulipokatwa, genge likiwa nyuma ya madarasa. Watoto alikuwa amewafundisha vizuri, waingie chini ya madawati, kisha watoke kwa utaratibu, na ishara ilikuwa kengele ya shule, yaani rimu la lori, lipigwe mfululizo. Alisahau jambo moja ambalo yeye, mtoto wa hapa, hakupaswa kulisahau, kwamba Mlunga rimu likipigwa mfululizo maana yake ni msiba au moto, na kila mwenye miguu hukimbilia linakolia. Kijiji kizima kilipanda shuleni, wa kwanza akiwa huyu huyu Paulo anayewasomea, jembe mkononi, na dakika kumi baadaye watu wazima zaidi ya mia tatu walikuwa wamejazana chini ya genge, wakitweta. Marehemu alitazama juu kwenye mawe, akatutazama sisi, akaketi chini, akalia mbele ya watu. Alisema, “Nimewakusanya kaburini.”

Hakurudi tena na kengele. Alisema tetemeko lenyewe ndiyo kengele, na alipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha na kuomba ahadi moja, ngumu kuliko zote, kwamba ardhi ikitikisika mzazi asiende shuleni, bali aende uwanja wa gulio, asimame, asubiri, na walimu watawaleta watoto kwa njia ya chini, kila mtoto ameshika bega la mwenzake. Mama Yuliana, mjane mwenye mtoto mmoja, alimjibu, “Dada, mimi kusimama siwezi, mwanangu yuko kule.” Marehemu hakubishana naye. Kila muhula kwa miaka sita alikuja, akasimama uwanjani na wazazi, wakafanya mazoezi ya kusubiri, na hata Bibi Mwanvita, mfanyabiashara wa mboga kutoka Morogoro mjini, ambaye hana mtoto hapa na aliyecheka sana siku ya kwanza, alizoea kusimama nao kando ya matenga yake.

Jumatano, tarehe 12 Oktoba 2022, siku ya gulio, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ardhi ilitikisika kwa sekunde kumi na tisa. Waliokuwepo hawana haja ya kusimuliwa sauti ile. Marehemu alikuwa uwanjani akinunua karoti, na kule juu alikuwapo Furaha akifundisha, na Glory, wakati huo darasa la pili. Wazazi walisimama. Mama Yuliana alisimama, amejishika kichwa. Aliyekimbia alikuwa mmoja tu, naye ni Daktari Modesta. Alikwishafika kwenye njia ya shule Bibi Mwanvita alipomkamata kanga hadi ikachanika, na kumwambia, “Mama Furaha, si wewe uliyetukataza? Simama na wenzio!” Akasimama. Punde genge likashuka, likafunika ile njia na nyuma ya madarasa mawili, vumbi likaficha shule yote, na kwa muda ambao hakuna aliyeupima, watu zaidi ya mia nne walisimama bila kusogea, wakitazama vumbi. Kisha kwenye mashamba ya maharage, kwa njia ya chini, walitokea watoto, mkono begani, mkono begani. Marehemu aliwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, hadi mia nne kumi na sita, wote, na hapo ndipo alipoketi chini.

Marehemu alianza kuugua saratani ya kongosho mwezi Juni 2024, akatibiwa Morogoro na Muhimbili, na alifariki dunia Jumanne, tarehe 18 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake mtaa wa Kilakala, Morogoro mjini, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa upole, majirani wa Kilakala waliopika na kukesha, watumishi wenzake na wanafunzi wa Mazimbu, Bwana Salum kwa safari ndefu kutoka Kisaki, na Bibi Mwanvita, kwa kanga ile ya marehemu iliyochanika, ambayo sasa anaitunza yeye na hataki ishonwe. Tunawashukuru pia wazazi, kwa sababu asubuhi ya leo jeneza lilipofika uwanjani, watoto waliteremka kwa njia ya chini, mkono begani, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewafuata.

Pumzika kwa amani, dada Modesta. Watoto wamefika. Tumewahesabu, na hakupungua hata mmoja.