Dawa Ambayo Daktari Riungu Hakupewa

Mchungaji wetu, wazee, jamaa mliotoka Embu, nanyi majirani wa hapa Kiirua, familia imeniomba nisimulie maisha ya kaka yangu, Daktari Salesio Riungu, nami nitayasimulia yote, hata ile sehemu ambayo mmekuwa mkiinong'ona tangu matanga yaanze.

Marehemu alizaliwa papa hapa tarehe 14 Machi 1947, kifungua mimba wa Mzee Mwenda na Mama Ntinyari, akasoma shule ya msingi hapa kwetu na sekondari Meru mjini, kisha akaenda Nairobi kusomea udaktari, akahitimu mwaka wa 1973. Alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni, mama akisifu dawa ya kikohozi yeye anataka kujua imemponya nani, na kwa kweli alituchosha.

Mwaka wa 1974 aliajiriwa katika hospitali ya misheni huko Embu, na tarehe 18 Desemba 1976 akafunga ndoa kanisani na mwalimu Veronicah Wawira, Mungu akawajalia Beverlyne na Runji.

Januari 1994, aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, alianza kuwafundisha madaktari wenzake wa hospitali hiyo ya misheni, watu wazima wenye wagonjwa wao, jinsi ya kuipima dawa kwa ushahidi wa utafiti badala ya mazoea. Kila Alhamisi aliwaomba walete dawa wanayoiamini ijadiliwe, na nani angekubali, siku zile watu wakipunguzwa kazini? Walisema ametumwa kutafuta wa kufukuzwa, wakawa wanaleta vidonge vya kuumwa kichwa ili wasinaswe. Ni Daktari Kanana peke yake aliyeleta dawa ya maana, ile ya kutuliza mapigo yanayorukaruka baada ya mshtuko wa moyo, akaitetea kwa ukali, maana alikuwa ameyaona mapigo yakitulia kwa macho yake. Marehemu alimpa utafiti asome, ulioonyesha kwamba mapigo hutulia kweli, lakini waliopewa dawa hiyo walikufa wengi kuliko wasiopewa. Kanana alimnunia muda mrefu, halafu akaiacha ile dawa kimyakimya, ila watu walichokumbuka ni ugomvi.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Novemba mwaka huu wa 1998, marehemu alipatwa na mshtuko wa moyo, akalazwa katika wodi ya huyo huyo Kanana. Tuliyaona mapigo yakirukaruka kwenye mashine, tukajua dawa ya kuyatuliza iko kabatini, tukamwomba, tukamsihi, mimi nikamfokea, naye akakataa katakata. Jumatano tarehe 11 kaka akatutoka. Niseme wazi, tuliamini Kanana amelipiza kisasi, na juzi tulikubaliana jina lake lisitajwe katika shukrani.

Wawira hakukubali wala hakubisha, alipanda gari jana akaenda Embu kumuuliza Kanana ana kwa ana. Kanana alimwambia kwamba hajui kama kuna kitu kingemwokoa mumewe, kwamba mkono wake ulilifikia kabati na akaurudisha, kwa sababu kama angempa ile dawa sisi tungeridhika na kumshukuru, huku yeye akijua anamsogeza mgonjwa wetu karibu na kifo. Wawira akarudi, akatuambia anayelifuta jina la daktari huyo alifute na lake. Mimi bado roho yangu haijatulia, sitawadanganya, lakini mjane amesema.

Basi familia inawashukuru majirani kwa kuni, maji na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake waliosafiri tangu alfajiri, wauguzi, na madaktari waliomtibu. Daktari Kanana, tumekuona umesimama kule langoni, Wawira anakuomba uje uketi hapa mbele kando yake, na wakati wa kutia udongo utatangulia pamoja na watoto.

Kaka Salesio, lala kwa amani.